Istilahi za Kamera ya Kiwandani: Mawasiliano ya Mfuatano na Mipangilio ya Mtandao

Mswada uliotufikia mezani ulikuwa na kurasa kumi na nne tu. Ulikuwa tafsiri ya mwongozo wa kamera ya ukaguzi, yaani kamera ifungwayo juu ya mkanda wa kiwanda ili itazame kila chupa inayopita: kama imejazwa hadi kiwango kinachotakiwa, kama kizibo kimekaa sawasawa, kama lebo haikupinda. Kiwanda kimoja cha vinywaji kilikuwa kimeitayarisha tafsiri hiyo kwa ajili ya mafundi wake. Mafundi wawili waliitumia siku nzima, kila mmoja kwa zamu yake, na kamera haikuitika. Ndipo kiwanda kilipotuletea mswada na kutuomba tuutazame, kikidhani kwamba mafundi hawakusoma kwa makini. Tulipoupitia tuliona kwamba mafundi walikuwa wamesoma kwa makini mno, na kwamba kosa lilikuwa la kitenzi kimoja.

Kitenzi hicho ni kulinganisha. Katika ukurasa wa nne mwongozo ulisema, “Linganisha kasi ya kamera na kasi ya kompyuta.” Katika ukurasa wa tisa ukasema, “Linganisha anwani ya kamera na anwani ya kompyuta.” Fundi wa kwanza alilielewa neno hilo kama alivyolizoea katika mitihani ya shule, ambako mwanafunzi huambiwa alinganishe na kutofautisha. Akatazama kasi zote mbili, akaona moja ni 9600 na nyingine ni 115200, akaiandika tofauti hiyo katika daftari lake, akaendelea na ukurasa uliofuata. Fundi wa pili alilielewa kwa maana ya kuvifanya vitu vilingane, yaani viwe sawa. Akazifanya kasi kuwa sawa, na hapo alifanya vyema. Kisha akaipa kamera anwani ileile ya kompyuta, na tangu hapo kompyuta kila ilipoiita kamera ikawa inajiita yenyewe.

Wote wawili walitii. Wala maana zote mbili si ngeni katika Kiswahili. Mfasiri naye alikuwa na neno moja tu kwa amri mbili zilizo kinyume: ya kwanza yataka vitu viwe sawasawa kabisa, ya pili yataka vikubaliane bila ya kuwa sawa. Katika kazi ya kuunganisha mitambo tofauti hii ndiyo kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuzieleza hapa istilahi za jambo hili moja baada ya nyingine, kwa kufuata njia ambayo fundi huifuata akiwa na kebo mkononi, ili mfasiri ajue kwanza kitu kinafanya nini kabla ya kukitafutia jina.

Kamera ya ukaguzi huzungumza na vyombo vingine kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani: nyaya chache zipelekazo ishara mojamoja kwa kufuata kiwango cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960 na kurekebishwa mwaka 1969 kuwa RS-232-C. Ya pili ni mtandao wa kompyuta wa nyaya, ambao mafundi huuita etheneti. Msomaji aweza kuuliza kwa nini njia ya zamani haijatupwa. Hesabu ndogo itamjibu. Picha yenye nukta 1,280 kwa 1,024, ikiwa kila nukta ni baiti moja, ina baiti 1,310,720. Katika waya wa kasi ya 9600 kila baiti huhitaji biti kumi, kwa hiyo baiti 960 tu ndizo zipitazo kwa sekunde, na picha hiyo moja ingesafiri karibu dakika 23. Hata kasi ikipandishwa kuwa 115200 picha ingechukua karibu dakika mbili. Katika mtandao wa biti bilioni moja kwa sekunde picha hiyohiyo hupita kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde.

Kwa hiyo picha hupita mtandaoni, na waya wa zamani umebakiwa na maneno mafupi: amri ya kupiga picha, na jibu kwamba chupa hii ni nzima au ina kasoro. Maneno hayo mafupi ndiyo yausukumao mkono wa chuma uitoao chupa mbovu katika mkanda, kwa hiyo si kazi ya kudharauliwa. Hata katika kamera za mfumo wa Camera Link, ambao kiwango chake kilitolewa mwaka 2000, zimo jozi za nyaya za namna hii ndani ya kebo ileile ya picha, kwa ajili ya kuipelekea kamera mipangilio yake. Mfumo wa GigE Vision, wa mwaka 2006, ndio ulioyaweka mambo yote pamoja, picha na mipangilio, katika mtandao.

Mfuatano, si mfululizo

Mswada uliiita njia ya kwanza “mawasiliano ya mfululizo”, na jina hilo tumeliona pia katika tafsiri nyingine. Hatulipendekezi. Mfululizo ni jambo lisilokatika: mvua ya siku tatu mfululizo ni mvua isiyoacha siku kati. Katika waya huu biti za herufi moja hufuatana kweli, moja nyuma ya nyingine, lakini baada ya herufi moja waya waweza kukaa kimya kwa sekunde moja au kwa saa nzima ndipo herufi nyingine ipite. Ukimya huo umeruhusiwa, na ndio umpao mpokeaji nafasi ya kujiweka tayari upya kwa kila herufi. Fundi aliyeambiwa “mfululizo” akiona taa ya waya inawaka na kuzimika ataudhania ubovu. Neno mfuatano lasema lililo kweli na halisemi zaidi. Kinyume chake, pale ambapo biti nyingi hupita kwa wakati mmoja katika nyaya nyingi, ni mawasiliano sambamba, na juu ya neno hilo hatujaona ubishi.

Mahali pa kuchomekea kebo pameitwa katika mswada “bandari ya mfuatano”. Hapa mfasiri aliiamini kamusi kuliko kitu chenyewe. Waingereza wana maneno mawili yaandikwayo na kutamkwa sawa: moja limetoka katika Kilatini portus, lenye maana ya bandari, na jingine limetoka katika porta, lenye maana ya mlango. Watu wa kompyuta walichukua hilo la pili. Kwa hiyo hata huko lilikotoka neno hili halikuwa na meli ndani yake. Mafundi tuliozungumza nao husema “tundu”, au “tundu la kebo” ikiwa kuna hatari ya kulichanganya na tundu jingine, na hatuoni sababu ya kuwanyang’anya neno hilo. Litumike kwa kitu kishikikacho tu. Mtandaoni neno lilelile la Kiingereza lina maana nyingine, nasi tutalifikia.

Kasi ya waya hupimwa kwa baudi. Jina hili limetokana na Émile Baudot, mhandisi Mfaransa wa simu za maandishi aliyeishi kati ya 1845 na 1903, na kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kupokea volti na wati kwa njia hiyohiyo, hakuna haja ya kulitafutia mbadala. Yafaa mwalimu ajue kwamba baudi huhesabu mabadiliko ya ishara, si biti. Lakini katika waya tunaousema kila badiliko hubeba biti moja, kwa hiyo baudi 9600 na biti 9600 kwa sekunde ni hesabu moja.

Sasa twaweza kuona kwa nini kasi haina budi kuwa ileile pande zote mbili. Waya huu haupeleki saa pamoja na herufi. Mpokeaji huona tu kwamba waya uliokuwa umetulia umebadilika, na hiyo ndiyo biti ya kuanzia. Kuanzia hapo huhesabu kwa saa yake mwenyewe na kuutazama waya katikati ya muda wa kila biti, mara nane au zaidi, mpaka afike kwenye biti ya kukomea. Ikiwa saa yake inakwenda mbio au inachelewa kidogo, kosa hukua kwa kila biti, na likifika nusu ya muda wa biti kabla ya herufi kwisha atakuwa anasoma biti isiyo yake. Kwa herufi ya biti kumi kikomo hicho ni tofauti ya takriban asilimia 5. Kati ya 9600 na 115200 tofauti ni mara kumi na mbili. Fundi wetu wa kwanza hakuona maandishi yenye makosa machache. Aliona alama zisizosomeka, au hakuona kitu.

Mswada uliita biti hizo mbili “biti ya kuanza” na “biti ya kusimama”. Ya kwanza yavumilika. Ya pili ilimfanya fundi mmoja aulize ni biti gani nyingine zinazokaa. Wako waliopendekeza “biti ya mwisho”, nalo pia lapotosha, maana biti ya mwisho ya herufi ni kitu kingine kabisa kilichomo ndani ya herufi yenyewe. Tumeona afadhali kutumia kiambishi kionyeshacho mahali na kazi: biti ya kuanzia, biti ya kukomea. Biti za kukomea huwa moja au mbili, na biti za data kati yake huwa saba au nane. Hesabu hizi nazo ziwe zilezile pande zote mbili.

Shufwa na witiri

Katika orodha ya mipangilio kuna neno moja lililotuchukua muda mrefu kuliko mengine yote. Ni jina la biti ya ziada iwekwayo baada ya biti za data ili kugundua kosa la njiani. Mswada uliiita “usawa”, na kwa kuwa kamera nyingi huletwa zikiwa hazitumii biti hiyo, fundi alikuta mstari uliosomeka hivi: “Usawa: hakuna.” Mambo mengi yaweza kusemwa juu ya maneno hayo, lakini hayahusu kamera.

Kazi ya biti hiyo ni rahisi kueleza. Herufi A katika alama za kompyuta ni namba 65, ambayo kwa biti saba huandikwa 1000001. Moja zake ni mbili. Herufi C ni 67, yaani 1000011, na moja zake ni tatu. Tukikubaliana kwamba idadi ya moja iwe shufwa daima, basi A itaongezewa 0 na C itaongezewa 1. Tukikubaliana iwe witiri, itakuwa kinyume chake. Mpokeaji huhesabu, na akikuta idadi isiyo ya mapatano hujua kwamba biti imegeuka njiani. Zikigeuka biti mbili hatajua, na mwongozo mwaminifu husema hivyo.

Msomaji ameona kwamba maneno yamekwisha kujileta. Shufwa na witiri tunayo katika hesabu za shule za msingi. Kabla ya hapo yalikuwapo pwani, ambako sala ya witiri huitwa hivyo kwa sababu rakaa zake ni za idadi isiyogawanyika kwa mbili. Mtoto wa darasa la nne ayajua. Haikuwa lazima kwenda kutafuta neno la usawa, wala la uwiano kama wengine walivyopendekeza, kwani uwiano ni jambo la vitu viwili vinavyopimana. Pendekezo letu ni biti ya shufwa na witiri kwa jina kamili, na mipangilio yake mitatu iandikwe waziwazi: shufwa, witiri, haitumiki. Twasema “haitumiki” badala ya “hakuna” kwa makusudi. “Hakuna” humfanya fundi afikiri kwamba kuna kitu kimekosekana na kwamba anapaswa kukitafuta.

Mtu ataona kuwa jina hilo ni refu. Ni kweli. Lakini fundi halisemi mara mia kwa siku. Hulichagua mara moja katika orodha, na akilichagua vibaya kila herufi itatupwa.

Mpangilio mwingine wa waya huu mswada uliuita “kupeana mikono”. Huo ni mfano wa tafsiri iliyobeba picha na kuiacha maana. Kwetu watu hupeana mikono ya idi, ya buriani na ya tanzia, na katika yote hayo mkono ni wa salamu. Mitambo hii haisalimiani. Chombo chenye kasi ndogo ya kupokea humwambia mwenzake angoje, na kikiwa tayari humwambia aendelee, ama kwa nyaya za pembeni zilizotengwa kwa kazi hiyo, ama kwa alama mbili zipitazo katika waya uleule wa herufi, namba 19 ya kuzuia na namba 17 ya kuruhusu. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili, nacho ni kungojeana. Hivyo twapendekeza kungojeana kwa nyaya na kungojeana kwa alama. Wanaopenda “udhibiti wa mtiririko” hatuwakatazi, ila jina hilo halimwambii fundi ni nani anayemngoja nani.

Zimebaki nyaya zenyewe. Kila chombo kina waya wa kutuma na waya wa kupokea, na wa tatu ni wa ardhi, uliopo pande zote mbili kama kipimo cha pamoja. Ardhi huungwa na ardhi. Lakini kutuma hakuungwi na kutuma, maana hapo wawili watakuwa wanasema na hakuna asikiaye. Kutuma kwa huyu huungwa na kupokea kwa yule. Kitenzi kinachofaa hapa ni kuoanisha. Vitu vioanavyo si lazima vifanane, na aghalabu huoana kwa sababu havifanani. Kitenzi hiki tutakihitaji tena punde.

Kabla ya kuuacha waya huu, neno moja juu ya alama ya kumalizia. Kamera nyingi hazifanyi lolote mpaka zipokee alama ya kwamba amri imekwisha, na alama hiyo huwa namba 13, au namba 13 ikifuatwa na namba 10. Alama hizi ni urithi wa mitambo ya simu za maandishi na mashine za taipu: moja hurudisha kichwa cha kuandikia mwanzoni mwa mstari, nyingine husogeza karatasi. Mswada uliacha kuzitaja kabisa, labda kwa kuwa katika asili zilikuwa katika mabano. Mfasiri asiache kitu kwa sababu ni kidogo. Kamera iliyokosa alama hiyo haitoi kosa wala onyo. Hungoja tu.

Anwani, barakoa na lango

Katika mtandao tunaingia nchi yenye desturi tofauti, na hapa ndipo fundi wa pili alipopotea. Kila chombo hupewa anwani ya namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.20. Neno anwani halina mshindani. Lakini yafaa kueleza kwamba anwani hii ina sehemu mbili, na mfano ulio karibu nasi ni sanduku la posta. Sanduku namba moja la Tanga na sanduku namba moja la Moshi ni masanduku mawili tofauti, kwa kuwa mji ni tofauti. Ndani ya mji mmoja, hata hivyo, hapawezi kuwa na masanduku mawili yenye namba moja. Vivyo hivyo kompyuta na kamera zilizo katika mtandao mmoja hushiriki sehemu ya kwanza ya anwani, kama wakazi wa mji mmoja, na hutofautiana katika sehemu ya pili. Kompyuta ikiwa 192.168.1.10, kamera yaweza kuwa 192.168.1.20. Haiwezi kuwa 192.168.1.10, wala, katika mpangilio huu, haiwezi kuwa 192.168.2.20.

Ni nini kionyeshacho mahali sehemu ya kwanza inapoishia? Ni namba nyingine nne, aghalabu 255.255.255.0, ambazo mswada uliziita “kinyago cha mtandao mdogo”. Mafundi walicheka, na walikuwa na haki. Kinyago kwetu ni kazi ya mchongaji, na sifa yake ni sura yake, ilhali hapa tunataka kitu kifunikacho sehemu na kuiacha sehemu nyingine wazi. Kitu hicho kinalo jina la kale katika pwani ya Afrika Mashariki na Omani: ni barakoa, vazi la uso la wanawake, lililofunika uso na kuacha macho yaonekane. Tangu mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, neno hilo limetoka pwani likaenea hadi vijijini, na leo hakuna haja ya kumweleza mtu barakoa ni nini. Katika barakoa ya mtandao, mahali penye 255 ndipo pameachwa wazi, na jina la mtandao huonekana hapo. Mahali penye 0 pamefunikwa, na hapo kila chombo hujiwekea namba yake. Mwalimu akiichora ubaoni, anwani juu na barakoa chini yake, hatahitaji maneno mengi.

Barakoa iwe ileile kwa vyombo vyote vya mtandao mmoja. Anwani zioane: sawa mahali palipo wazi, mbalimbali mahali palipofunikwa.

Lango ni chombo kinachopokea habari zinazokwenda nje ya mtandao. Neno lenyewe ni zuri, kwani lango ni la mji au la ua, si la chumba. Hata hivyo lina ndugu ambaye ni hatari, nasi tulisitasita kwa sababu yake. Ile istilahi ya Kiingereza tuliyoikuta katika tundu la kebo hutumika pia kwa namba inayoonyesha, ndani ya chombo kimoja chenye anwani moja, ni huduma ipi inayotakiwa. Mipangilio ya kamera za GigE Vision, kwa mfano, hupita katika namba 3956. Itifaki ya Modbus itumiwayo na mitambo mingi ya kuongoza viwanda hupita katika 502. Jina la wazi la kitu hicho ni mlango. Sasa fikiri fundi anayeambiwa kwa sauti, katikati ya kelele za chupa, abadili mlango, naye akasikia lango. Tulijaribu dirisha, kwa mfano wa madirisha ya posta yenye namba, tukaliacha kwa kuwa dirisha limekwisha kuwa na kazi nyingine katika kioo cha kompyuta. Mwishowe tumependekeza majina yasitajwe mafupi katika miongozo: namba ya mlango kwa hili, na lango la kutokea kwa lile. Si suluhisho linaloturidhisha kabisa. Ni afadhali kidogo, basi.

Kuhusu namna ya kupata anwani, mswada ulitofautisha “anwani tuli” na “anwani pepesi”. La pili hatukulielewa hata sisi. Kinachosemwa ni kwamba anwani yaweza kuandikwa na fundi ikabaki hivyo, au yaweza kugawiwa na chombo kingine kila kamera iwashwapo, tena kwa muda maalumu. Basi tuseme anwani ya kudumu na anwani ya kugawiwa. Katika kiwanda ya kwanza ndiyo ifaayo zaidi, kwa sababu mtambo wa kuongoza huijua kamera kwa anwani yake, na kamera ikiamka asubuhi ina anwani nyingine mkanda hautapata jibu. Kuna na ya tatu, ambayo mwongozo wa asili uliieleza vizuri na mswada ukairuka. Kamera nyingi zikikosa anwani ya kudumu na zikimtafuta mgawaji zisimpate hujichagulia anwani inayoanza na 169.254. Kwa mujibu wa utaratibu uliochapishwa mwaka 2005, namba hizo mbili za mwanzo zimetengwa kwa kazi hiyo. Tumeiita anwani ya kujichagulia. Fundi anayelijua jina hili, akiona 169.254 katika kioo, hujua mara moja kwamba kamera ni nzima na kwamba ugonjwa uko kwa mgawaji au katika kebo. Asiyelijua huifungua kamera.

Baada ya haya yote, sehemu ya mswada iliyoleta matatizo tuliiandika upya hivi, tukawapa mafundi walewale wawili waisome bila ya sisi kusema neno:

“Unga waya wa kutuma wa kamera na waya wa kupokea wa kompyuta, kisha waya wa kupokea wa kamera na waya wa kutuma wa kompyuta. Unga ardhi na ardhi. Weka katika kamera kasi ileile iliyomo katika kompyuta. Biti za data, biti ya shufwa na witiri, na biti za kukomea ziwe zilezile. Kwa upande wa mtandao, weka barakoa ileile ya kompyuta. Ipe kamera anwani yake yenyewe, ambayo haina chombo kingine: namba zilizo chini ya 255 ziwe zile za kompyuta, namba iliyo chini ya 0 iwe nyingine, kati ya 1 na 254.”

Fundi wa pili alisimama penye maneno “chini ya 255”, akauliza kama maana yake ni namba ndogo kuliko 255. Tulikuwa hatukuliona hilo. Tumelibadili kuwa “zilizo mkabala na 255” na “iliyo mkabala na 0”, na tunawashukuru.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia uamuzi, nalo twaliweka mbele ya wasomaji. Kamera hupiga fremu, yaani picha moja kati ya nyingi zifuatanazo. Mtandao nao huibeba picha hiyo kwa kuikatakata katika vifurushi ambavyo Waingereza huviita kwa jina hilohilo. Kifurushi cha kawaida hubeba baiti 1,500, na miongozo ya kamera humtaka fundi aruhusu vikubwa zaidi, vya baiti 9,000 hivi, ikiwa vyombo vyote vya njiani vinavikubali. Mswada ulisema “ongeza ukubwa wa fremu”, na fundi akaongeza ukubwa wa picha. Sisi tunaelekea kuliacha fremu kwa picha na kuupa mtandao neno kifurushi. Lakini walimu wawili wa ufundi wametuambia kwamba wanafunzi wao huliona neno kifurushi wakafikiria muda wa maongezi unaonunuliwa kwa ajili ya simu. Wenye neno bora watuletee pamoja na sentensi mbili za matumizi yake, moja ya picha na moja ya mtandao.